Kabla Hujaipiga Saruji Nyumba ya Babu

Kosa langu la kwanza lilikula mifuko arobaini ya saruji. Babu alikuwa fundi wa kuchonga milango, akatuachia nyumba ya mawe Mikindani, mji wa kale wa pwani ya Mtwara, hatua chache kutoka majini. Sisi wajukuu tukakubaliana iwe nyumba ya wageni, vyumba vinne tu. Kuta zilikuwa zimepukutika, nikaleta fundi kutoka mjini, akapiga lipu ya saruji ndani na nje. Ikapendeza kama keki ya harusi.

Ilidumu msimu mmoja wa mvua. Kufika mwezi wa tano kuta zinatoa jasho, rangi imefanya malengelenge, lipu inadondoka mapande mapande, na kila pande linaondoka na ngozi ya jiwe.

Akaja mzee mmoja aliyefanya kazi na babu. Akagonga ukuta kwa kidole, akacheka. "Mjukuu wangu, nyumba umeivalisha nailoni."

Ndivyo ilivyo. Nyumba zetu za zamani za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe lile lina vitundu, hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa taratibu jua likiwaka. Chokaa humpisha huyo unyevu. Saruji humfungia ndani, na chumvi aliyokuja nayo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ing'oke. Kwa hiyo ukiambiwa chokaa ni ushamba, mwulize anayekuambia ataishi humo yeye?

Tukabandua karibu yote. Chokaa tulinunua ya mawe. Matumbawe hai ya baharini msiyaguse kwa kuchomea chokaa. Chokaa ukiimwagia maji huchemka yenyewe na ikikurukia jichoni ni balaa, kwa hiyo miwani ya kazi kwanza. Tuliilaza shimoni wiki kadhaa, tukachanganya na mchanga usio na chumvi, tukapaka safu nyembamba nyembamba, kila moja ikifunikwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa hukomaa kwa hewa, haina haraka na wewe. Panga kazi iishe kabla ya korosho: ikifika Oktoba vibarua wote wako mashambani, na huwezi kuwalaumu.

Usivunje kuta kupanua vyumba. Mimi nilitaka chumba kikubwa cha kifahari, mzee akanionyesha dari: vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, na ukuta ndio unaozibeba. Boriti zilizooza tulibadilisha kwa mbao ngumu, maana mikoko siku hizi haikatwi bila kibali. Na kama nyumba yenu ilijengwa kabla ya 1863, inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, basi uliza serikalini kabla ya kushika nyundo. Ya kwetu ni changa zaidi, lakini tuliuliza.

Ukitaka kuona jengo la zamani linavyoweza kulaza wageni, pita Boma la Kale palepale Mikindani. Wajerumani walilijenga 1895, baadaye likakarabatiwa likawa hoteli. Agiza hata soda, zungukazunguka, gusa kuta.

Karakana ya babu ndiyo ilituletea ugomvi. Kaka yangu alitaka iwe mapokezi, na meza ya kioo. Shangazi akakataa katakata, na nashukuru. Patasi ziko ukutani zilipokuwa, na mlango ambao babu hakuumaliza umeegemezwa palepale: mnyororo na mawaridi vimechongwa upande mmoja, upande wa pili ni kalamu ya risasi tu, mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, haujawekwa. Wageni wanapita vyumbani haraka, hapo wanakaa saa nzima. Shangazi huwaletea ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai, anawasimulia, nusu kweli nusu chumvi.

Alikuja mnunuzi akautaka mlango wetu wa mbele, pesa taslimu, ambazo zingelipa deni lote la saruji. Nilisita, nakiri. Shangazi alimuuliza kama atatuachia na mahali pa kubisha hodi.

Pesa za chokaa ziliisha kabla ya ukuta wa choo cha nyuma. Bado una saruji. Bado unatoa jasho.