Rangi inasaidia mteremkoni, ila ianzie juu

Ndugu uliyeuliza kama mistari ya rangi inaweza kupunguza kasi kwenye mteremko kama wa Valley Road, Nairobi, bila kujenga tuta: ndiyo, inaweza. Inayofanya kazi ni mistari inayokata njia kwa upana, ya kwanza ikiwa imeachana, kisha inasogeleana kadiri unavyoshuka. Dereva asiyebadilisha mwendo huona mistari ikimjia upesi zaidi na zaidi, anahisi gari limeongeza kasi, mguu unaachia mafuta wenyewe. Chicago waliichora hivyo mwaka 2006 kwenye kona kali ya Lake Shore Drive, na Uingereza huweka mistari ya njano kabla ya mizunguko ya barabara zenye kasi.

Lakini ianze juu, kabla mteremko haujakolea. Matatu iliyojaa ikishafika kilomita 80 kwa saa pale katikati, tumechelewa: kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa kama mara nne, na hiyo ni kwenye tambarare.

Na tafadhali, wasipake rangi laini. Mvua ya Aprili ikinyesha bodaboda huteleza juu yake, na hao ni vijana wetu. Ichanganywe na mchanga wa kushika tairi, pamoja na chembe za kioo ili ing'ae usiku.

Anayepita hapo kila siku atazoea. Karibu na shule au kivuko bado ningedai tuta, lililopakwa rangi ya kuonekana kutoka mbali.