Kingamwili ya panya kwenye tishu ya panya

SWALI: Shikamoo mama. Natia rangi vipande vya ubongo wa panya kwa kingamwili iliyotengenezwa ndani ya mwili wa panya. Slaidi nzima inakuwa kahawia. Nimepunguza kingamwili, nimeosha mara tano, wapi! Nifanyeje?
Mwanafunzi, Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Tatizo haliko kwenye kuosha. Kingamwili yako ya pili, ile yenye kimeng'enya kinacholeta rangi, inatafuta IgG ya panya (IgG ni aina ya kingamwili iliyo nyingi kwenye damu), na tishu yenyewe ina IgG ya panya, hasa kwenye mishipa ya damu. Haiwezi kutofautisha uliyoiweka wewe na ya mnyama.

Anza na slaidi moja isiyo na kingamwili ya kwanza, yaani ile yako ya panya. Ikitoka kahawia ileile, umempata mwizi. Mimi nilipoteza wiki mbili nikilaumu maji yetu ya chumvi hapa Dodoma, kwa kuwa sikuweka slaidi hiyo.

Kisha, kabla ya kingamwili ya kwanza, funika tishu kwa vipande vya Fab (mikono ya kingamwili iliyokatwa mmoja mmoja) vya kupinga IgG ya panya, visivyofungwa kimeng'enya. Vinaikalia IgG ya mnyama, na kwa kuwa kila kimoja kina mkono mmoja tu, hakibaki na wa kuidaka kingamwili yako. Kingamwili nzima ina mikono miwili, hiyo usitumie. Seramu ya kawaida peke yake mara nyingi haitoshi.

Ukipata kingamwili ya sungura kwa protini hiyohiyo unayoitafuta, ichukue, kwa kuwa ya pili itatafuta IgG ya sungura, si ya panya. Mimi ningeanza hapo. Na panya wanaofuata, wakiwa katika usingizi wa dawa, wasafishe damu kwa maji ya chumvi kupitia moyo kabla ya kutoa ubongo.