Maswali yenu: neno "repellent" kwenye kopo na kwenye koti

Swali: Nimejipaka dawa ya mbu iliyoandikwa "repellent", lakini mbu bado wanaruka chumbani. Nimeuziwa feki?

Hapana, huo si ushahidi wa feki. Neno hili asili yake ni Kilatini, "repellere", yaani kusukuma nyuma. Dawa hiyo haiui, inamzuia mbu asitue kwenye ngozi. Ya kuua huandikwa "insecticide", na kile kipande cha "cide" ndicho chenye maana ya kuua. Sisi zote tunaziita dawa ya mbu, na hapo ndipo hatari ilipo: ya kupuliza chumbani isipakwe mwilini kamwe.

Angalia kama wanauma, na wanauma wapi. Dawa hulinda palipopakwa tu. Ukiruka kifundo cha mguu au nyuma ya sikio, mbu atapata hapohapo. Kama unatumia na losheni ya jua, tanguliza losheni, iache ikauke, kisha paka dawa ya mbu juu yake.

Swali: Yenye DEET (kemikali inayofukuza mbu) asilimia 50 ni kali kuliko ya 25?

Asilimia inakuonyesha muda zaidi kuliko ukali. Ya 10 hulinda kama saa mbili, ya 20 hadi 30 saa kadhaa, na ukipita 50 muda hauongezeki sana. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe, na wakubwa kidogo msiwapake viganjani, maana mikono yao huishia mdomoni. DEET pia huyeyusha baadhi ya plastiki, kwa hiyo nawa kabla ya kushika miwani.

Swali: Koti langu limeandikwa "water repellent" na bado nimelowa. Kwa nini?

Kwa sababu neno halikuahidi zaidi ya hapo. Kitambaa hicho husukuma matone yateleze, lakini mvua ikikaza maji hupenya, kwanza mabegani chini ya mikanda ya begi. Lisilopitisha maji huandikwa "waterproof". Lijaribu kwa kudondoshea maji: tone likisimama duara kama shanga, kinga ipo, likitandaa na kitambaa kikakolea rangi, imeisha.

Swali: Naweza kumwita mtu "repellent"?

Utakuwa umemwambia kwamba anachukiza. Ni tusi.

Swali: Ni "repelled" au "repeled"?

L mbili.