Hiyo asidi usimwage kwa simiti, tafadhali

Wee ngoja kwanza, weka huo mtungi chini. Umeuliza vile utatoa ukijani kwa njia ya gari, madoa ya oili, na kama inafaa kukodi mashine ya presha, alafu mwisho kabisa unasema fundi amekutuma ununue asidi ya choo lita 5 umwage Jumamosi. Hapo ndipo nimeshtuka, juu hiyo Jumamosi yako mimi nilishaipitia.

Yangu ilikuwa simiti safi imepigwa niru, ile simiti laini ya juu, kutoka geti mpaka mlango wa jikoni. Mvua ya Aprili ikaleta ule ukijani wa kuteleza, pale kando ya ua wa kayaba ambapo jua halifiki. Fundi akaniambia eti asidi ndiyo huosha tailosi, na tailosi na simiti ni ndugu. Ndugu wapi! Tailosi imechomwa kwa tanuri, lakini konkriti imeshikanishwa na simiti, na simiti ndiyo chakula cha asidi. Nilipomwaga ikalia chiiii, povu jeupe likapanda, harufu inanikaba koo na mimi nimesimama hapo nafurahi nikidhani ni uchafu unatoka, kumbe ni niru inaliwa. Ilipokauka ukipitisha kidole kinatoka na unga wa kijivu, mawe ya balasti yametokeza kama meno. Na doa la oili? Palepale, asidi haiyeyushi oili.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Simiti ikishakwaruzika hivyo inashika udongo na maji, kwa hivyo mvua ya Novemba ukijani ukarudi mzito kuliko mwanzo, umejificha kwa vishimo ufagio haufiki. Mama yangu akitoka kanisani akateleza hapo hapo, mkono ukavunjika, plasta wiki 6. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kuliko hata 48,000 nilizolipa fundi mwingine agonge ile ya juu amwage upya. Yule wa kwanza aliponiona napiga simu mara ya pili akazima kabisa. Mtu anakuharibia nyumba kwa jambo hajui, na anakuambia kwa sauti ya mtu anajua!

Ukijani hutoka kwa brashi ngumu ya plastiki, maji na sabuni ya unga. Ukijani ukikataa kutoka, tia kikombe kimoja cha Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa ndoo ya lita 10, acha dakika 10, sugua, suuza na maji mengi, watoto na mbwa wakae ndani. Na Jik isikutane na asidi hata tone, zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, hiyo inachoma mapafu. Alafu punguza huo ua wa kayaba jua liingie, na maji ya gata uyaelekeze kwingine.

Huo mtungi urudishe hadiwea leo kabla hujaufungua, hata kama watakukata pesa kidogo.