Waksi gani itavuka winta? Maswali yenu ya gari kabla theluji haijaanza

Haya jamani, Oktoba imeingia, huku Minnesota asubuhi vioo vimeanza kuganda, na maswali ya waksi ya kulinda rangi ya gari na chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, yamejaa. Nimechagua machache, mengine yalifanana nimeyaunganisha. Twende.

*Kaka, nina Camry ya 2015, tangu ninunue sijawahi kupaka kitu. Nataka kitu kimoja tu, kisinipe kazi, kidumu mpaka Aprili. Dukani chupa ziko hamsini, nichukue ipi?*

Pole, ile rafu ya dukani inachanganya kila mtu. Ila ukiacha mapambo ya kwenye chupa vitu viko vya aina tatu. Kuna waksi ya karnauba, hii inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, inang'arisha balaa lakini maisha yake ni wiki kadhaa tu, chumvi na sabuni za winta zinaimaliza mapema. Ya pili ni silanti, hiyo ni ya maabara, haina mng'ao wa kimahaba kama karnauba ila inashika rangi miezi minne mpaka sita. Ya tatu ndo hizi za seramiki za kupuliza, nitazigusa chini.

Kwako wewe mi ningesema Collinite 845. Ni mchanganyiko wa karnauba na vitu vya kisasa, inatengenezwa na kampuni ya zamani ya jimbo la New York ambako chumvi ya barabarani wanaijua vizuri, na chupa moja utaitumia winta kadhaa manake inatakiwa kidogo mno. Siyo kwamba nyingine ni mbaya, FK1000P, waksi nyingine ya kopo, nayo inadumu sana, ila 845 ni ya maji maji na mtu ambaye hajawahi kupaka hawezi kuiharibu kirahisi.

Ikiwa imekaa kwenye baridi utaikuta imeganda kama uji, usitupe wala usirudishe dukani, iweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu dakika kadhaa afu itikise mpaka usikie inacheza ndani. Gari iwe imeoshwa na imekauka kabisa, hata pale kwenye vishikio vya milango na mfuniko wa tenki maji yanakojificha. Weka tone la ukubwa wa sarafu kwenye sponji, paka nusu ya boneti, tena nyembamba kiasi kwamba unajiuliza kama umepaka kweli. Ikianza kufanya ukungu pitisha kidole, ukiona kimeacha njia safi inayong'aa basi ifute, kikivuta michirizi ya mafuta subiri kidogo. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba ulichokikunja mara nne, upande ukijaa geuza. Watu wanakosea hapa, wanapaka nyingi wakidhani ndo itadumu, afu wanakesha wanafuta. Kinachozidi chote unakifuta unakitupa, hakuna faida yoyote. Bora mkono wa kwanza mwembamba, kesho yake mkono wa pili mwembamba.

*Shem, mume wangu anasema waksi imepitwa na wakati, ninunue spreyi ya seramiki, chupa imeandikwa miezi 12. Ni kweli? Tuko Columbus, Ohio.*

Shem mwambie yuko sawa nusu. Spreyi za seramiki zimekuwa nzuri siku hizi, unapuliza unafuta umemaliza, dakika ishirini gari nzima. Ila hiyo miezi 12 ihesabu kama ya gari linalolala gereji, lenye mwenye nalo mwenye muda. Gari la kwenda kazini kila siku kwenye matope ya chumvi lisitegemee hivyo, puliza tena katikati ya winta. Na usichanganye hii na ile seramiki yenyewe ya mafundi, ile ya mamia ya dola ambayo rangi inasawazishwa kwanza kwa mashine, ule ni mkataba mwingine kabisa.

Kitu kinachoamua ni kilichopo chini yake. Pitisha kiganja kwenye boneti baada ya kuosha, ukisikia vijipunje kama msasa basi kuna uchafu umejing'ang'aniza, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule unaouzwa kama donge dogo, ulowanishe vizuri kwa maji ya sabuni uteleze. Ukipuliza seramiki juu ya vile vipunje inashika uchafu, haishiki rangi, ndo maana mtu anasema haikudumu hata mwezi.

Ila kama mnajua kabisa nyie ni watu wa haraka na kopo la waksi litakaa kabatini halijafunguliwa mpaka theluji iyeyuke, nunueni spreyi. Inayopakwa ndo inayolinda.

*Mi naishi ghorofani sina gereji, na baridi imeshafika, mchana nyuzi 3. Nimechelewa?*

Umechelewa kidogo ila hujafungiwa mlango. Nyingi za waksi zinataka nyuzi 10 za Selsiasi kwenda juu, chini ya hapo zinakuwa nzito, hazikauki vizuri, na unyevu unabaki kwenye rangi bila wewe kuuona. Tafuta rafiki mwenye gereji umpelekee chapati, au paking ya chini ya ardhi kama jengo lenu linaruhusu (wengine wanakataza maji lakini kupaka gari ambalo tayari ni kavu hawana shida). Gari likae ndani saa kadhaa kwanza, bati lenyewe lipate joto, siyo unaingiza unapaka hapo hapo. Ikishindikana kabisa subiri siku ya jua, upake paneli moja moja. Anza na milango sehemu ya chini na nyuma ya matairi, huko ndo chumvi inapiga.

*Nilipaka Novemba, sasa Januari maji hayakai tena kama shanga kwenye boneti. Waksi imekwisha?*

Siyo lazima. Mara nyingi ni tabaka la uchafu limekaa juu yake. Osha kwa shampuu ya gari, suuza, halafu angalia tena. Maji yakirudi kukimbia basi ipo, yakilala bapa hata baada ya kuosha ndo imeondoka. Na uangalie unaoshea wapi, zile mashine zisizogusa gari zinatumia sabuni kali ili kufidia kutosugua, nzuri kwa rangi isikwaruzike lakini waksi inapungua kila ukipita. Mi bado nazipenda wakati wa winta kuliko za mabrashi, brashi zile zimebeba mchanga wa gari la mbele yako. Sabuni ya vyombo acheni jikoni.

*Kwenye kioo cha mbele je?*

Hapana. Waipa zitapiga kelele na usiku mwanga wa taa za watu utatapakaa kioo kizima. Ipo dawa yake ya vioo. Na plastiki nyeusi za bampa ziogope pia, zinabaki na alama nyeupe, ngumu kutoa.

*Mzee mwenzangu wa Calgary: napaka kila mwaka lakini chini gari imeoza. Kazi ya waksi ni nini sasa?*

Mzee wangu, waksi inalinda rangi, basi. Chesisi haiijui. Kutu inaanzia chini, kwenye mikunjo ya mabati na mabomba ya breki, huko hakuna anayepaka waksi. Huko dawa yake ni mafuta ya kuzuia kutu, yale yenye lanolini ya manyoya ya kondoo au mengine ya kupuliziwa na mafundi, kila mwaka kabla ya baridi. Kanada huduma hiyo ipo miji mingi.

Halafu kuna hili watu hawalipendi: chumvi ya kawaida ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri inapoteza nguvu, kwa hiyo miji inaongeza kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu, na hizo zinavuta unyevu hewani, zinabaki mbichi na kunata kwenye bati hata barabara imekauka. Ukiingiza gari lenye matope hayo kwenye gereji yenye hita kila usiku, theluji inayeyuka, joto linaongezeka, na kutu inakwenda mbio kuliko gari lililolala nje kwenye barafu. Kama una gereji ya joto basi suuza chini kwanza, siku yoyote hewa ikipanda juu ya sifuri, kwa bomba la presha, na fungua milango uifute mipira isije ikaganda.

*Niko Mombasa, winta naisikia tu. Naagiza gari, inanihusu?*

Inakuhusu sana dada. Magari ya Japani yanayotoka Hokkaido na kaskazini kwenye theluji, na yale ya Uingereza, yametembea kwenye chumvi miaka. Juu yanang'aa, yamepigwa polishi ya kuuzia, chini ni habari nyingine. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani angalia herufi S na C, hizo ni za kutu na ulikaji, na udai picha za chini ya gari kabla hujatuma hela, siyo za boneti. Likifika, chumvi ya bahari nayo ipo, waksi ile ile itafanya kazi ila jua la Pwani litaimaliza mapema, hesabu kupaka kila baada ya miezi miwili mitatu, asubuhi mapema au kivulini, bati likiwa la moto waksi inakaukia hapo hapo na utaisugua mpaka magharibi.