Maswali ya wasomaji: Mpini mrefu wa maji kwa vioo vya juu

Toleo hili tumekusanya barua zinazohusu mpini mrefu wa maji, yaani mpini wa brashi wenye mpira unaopandisha maji mpaka juu ili msafishaji abaki na miguu yake chini. Tangu majengo ya vioo yaanze kuota Mtumba, Njedengwa na katikati ya jiji la Dodoma, maswali ya aina hii yamekuwa mengi.

Habari za kazi, mhariri. Tuko vijana wanne, tunafanya usafi wa majengo kwa ngazi na raba ya kukaushia. Tumepata kazi ya jengo la ghorofa tatu. Muuzaji ana mipini ya mita 9, 12 na 18. Mimi naona tuchukue wa mita 18 ili tusinunue mara mbili. Mnatushaurije? (Msomaji, Njedengwa)

Msinunue wa mita 18. Mpini wa urefu huo ni mzito, kipande chake cha chini ni kinene kiasi cha kuchosha kiganja, na kazi yenu haiuhitaji. Mtaubeba siku nzima kwa ajili ya mita ambazo hamtazifungua hata mara moja.

Anzeni na futi kamba. Kinachopimwa ni ukingo wa juu wa kioo cha juu kabisa, kutoka pale mtakaposimama, wala si urefu wa jengo mpaka paani. Kama ghorofa tatu ni ya chini na nyingine tatu juu yake, na kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.3, basi sakafu ya juu iko mita 9.9. Ongeza mita 2.4 za ukingo wa juu wa dirisha, mnapata mita 12.3. Mkono wa chini unashika mpini usawa wa kiuno, mita 1 hivi, kwa hiyo zinabaki mita 11.3 za kwenda juu.

Mpini hausimami wima kama mlingoti, unalala kidogo. Mlalo mzuri wa kufanyia kazi ni nyuzi 70 hivi kutoka ardhini, na kwa mlalo huo mita 11.3 zinakuwa mita 12 za mpini. Brashi na shingo yake zinafidia sentimita 30 mpaka 40. Wa mita 12 unawatosha, bila ziada ya maana.

Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Wauzaji wengine wakisema "mita 12" wanamaanisha kimo unachofikia, yaani wamekwisha kujumlisha na urefu wa mtu. Mpini wenyewe unakuwa mita 10 na nusu, na safu ya juu ya vioo inawashinda siku ya kwanza. Ufungueni wote, ulazeni chini pale pale dukani, mpime.

Pimeni pia nafasi iliyo chini ya ukuta. Kwa hesabu hiyo mtasimama zaidi ya mita 4 kutoka ukutani. Kama kuna uzio mita 2 tu kutoka jengo, mpini utasimama karibu wima, brashi itakataa kukaa kwenye kioo na shingo zenu zitauma kabla ya saa nne asubuhi.

Tukija kwenye malighafi, alumini ni rahisi na inafaa mpaka mita 5 au 6, zaidi ya hapo inapinda. Faibaglasi inakwenda vizuri mpaka mita 7 hivi. Kuanzia mita 9 tunashauri nyuzi za kaboni bila kusita, hata kama bei inauma. Mpini mzuri wa kaboni wa mita 12 una kilo 3 hivi, na wa faibaglasi wa urefu huo unaweza kufika mara mbili yake. Ila kinachomchosha mtu zaidi ya kilo ni kuyumba. Simamisheni mpini dukani ukiwa na brashi na mpira wake, kisha msogeze mkono wa chini sentimita 30 kwa haraka. Kama kichwa cha juu kinabaki nyuma, halafu kinakuja kwa kishindo na kucheza mara tatu nne kabla ya kutulia, uacheni. Huo utawafanya mpigane nao badala ya kusugua.

Angalieni vibano vinavyofunga vipande. Viwe na skrubu ya kukazia, kwa sababu plastiki inalika na bila skrubu kibano kikilegea ndiyo basi. Ulizeni kama vinauzwa kimoja kimoja. Sisi wa bara tunajua maana ya kusubiri spea kutoka Dar es Salaam huku mteja anapiga simu, kwa hiyo chukueni vibano viwili vya akiba na viungio vya mpira siku hiyo hiyo.

Fedha mliyoiokoa kwa kuacha wa mita 18 nunueni mpini wa pili wa mita 6 au 7. Kwenye jengo lenu vioo vya chini na vya ghorofa ya kwanza ndiyo nusu ya kazi, na vyote viko chini ya mita 6. Mpini mfupi unavimaliza kwa kasi ambayo mrefu hautaifikia.

Dada wa safu hii, shikamoo. Nasimamia jengo la ofisi. Wasafishaji walikuja na mpini wa maji, wakaunganisha na bomba letu, wakaosha vizuri tu. Vilipokauka, kila kioo kilikuwa na madoa meupe kama kimenyunyiziwa chokaa. Wanataka kurudi na sabuni kali. Niwaruhusu? (Msimamizi wa jengo, Mtumba)

Marahaba. Usiwaruhusu. Kilichochafua vioo ni maji yenyewe, na sabuni itaongeza utando mwingine juu ya huo.

Angalia ndani ya birika la chai la nyumba yoyote ya Dodoma. Ule ukoko mweupe unaobanduka kama magamba ni chokaa na chumvi nyingine zilizokuwa zimeyeyuka. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji ya ardhini kwenye nchi kavu kama yetu hubeba madini mengi. Kwa raba ya kukaushia hilo halikusumbui, maana maji yanavutwa kabla hayajakauka. Mpini wa maji hauna raba: tone linabaki kwenye kioo, maji yanaondoka na jua, madini yanabaki palepale. Kwa hiyo njia hii inadai maji yaliyoondolewa madini karibu yote.

Kipimo chake ni kalamu ndogo ya kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita. Kwa vioo unataka chini ya 10, na sifuri ndiyo raha. Zaidi ya 20 utaanza kuona vivuli, hasa kwenye vioo vyeusi.

Kuna njia mbili za kufika huko na hapa Dodoma unazihitaji zote mbili. Rezini, yaani punje za plastiki zinazonasa madini, peke yake inatoa maji safi kabisa, lakini inaisha. Kwa makadirio, lita 1 ya rezini mchanganyiko inanasa gramu 25 mpaka 30 za madini. Maji yakiwa na 600, lita hiyo inakupa lita 45 tu za maji ya kuoshea. Brashi moja inatumia lita 1.5 mpaka 2 kwa dakika, na siku ya kazi inakula lita 400 bila shida, kwa hiyo unateketeza lita 9 za rezini kwa siku. Hakuna biashara inayobeba gharama hiyo. Tanguliza mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha yapenye utando mwembamba unaozuia asilimia 95 hivi ya madini. Ile 600 inashuka mpaka 30, halafu lita moja ya rezini inamalizia lita 900.

RO ina masharti yake. Inataka presha ya baa 4 au zaidi, na kwa maji ya mgao au ya tangi la juu ya nyumba huipati bila pampu. Mbele yake weka kichujio cha mikroni 5 cha tope na kingine cha mkaa, kwa sababu klorini ya maji ya bomba inaharibu utando. Pia inamwaga maji: kwa kila lita safi, lita moja au zaidi inatoka ikiwa na chumvi nyingi. Katika mkoa unaopata mvua kiasi cha milimita 570 kwa mwaka ni dhambi kuyaacha yapotee. Yakingeni kwa kudekia na kwa vyoo, ila msimwagilie maua kwa muda mrefu, chumvi itajikusanya kwenye udongo.

Kati ya Desemba na Aprili kingeni mvua. Maji ya mvua yana madini machache mno kuliko ya kisima. Acheni mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kingeni kwenye tangi la plastiki, chujeni vumbi, myapitishe kwenye rezini tu. Msiyaweke kwenye tangi la saruji, saruji inayarudishia chokaa mliyoikwepa.

Madoa yaliyopo sasa yatoeni mapema kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Iache dakika tano, sugua kwa kitambaa laini, suuza. Isitiririkie marumaru wala chokaa ya ukuta. Madoa ya miezi mingi hung'ang'ania, mengine huacha alama isiyotoka.

Maji yetu tumeyapima, yanasoma 3, lakini bado kuna michirizi ya wekundu chini ya fremu. Brashi ndiyo mbaya? (Fundi wa usafi, Nkuhungu)

Hapana, ni vumbi lililojificha juu ya fremu na ndani ya mipira ya dirisha. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu unajaa humo, na maji yanaendelea kuudondosha dakika kumi baada ya wewe kuondoka. Anza na fremu zote za juu, sugua na suuza, kisha nenda dirisha linalofuata. Rudi la kwanza likishachuruzika, sugua kioo kutoka juu, suuza fremu kidogo tu, malizia kioo. Jengo ambalo halijaoshwa mwaka mzima linahitaji mizunguko miwili. Ukirudi kila baada ya miezi mitatu, mmoja unatosha.

Kwa brashi, nyuzi za nailoni zenye ncha zilizochanika ni laini na nyepesi, zinafaa vioo vinavyooshwa mara kwa mara. Kwa uchafu uliogandamana chukua zenye mchanganyiko wa nyuzi ngumu. Nozeli mbili za tundu la milimita 2 zinatosha. Kama maji yanajikunja matone matone juu ya kioo badala ya kutandaa, tumia nozeli za kutandaza kama feni.

Huku kwetu upepo hauna adabu. Tufanye kazi mpaka upepo wa kiasi gani? Na waya za umeme je, faibaglasi si haipitishi umeme? (Msomaji, Singida)

Ndugu yetu, tuanze na umeme, kwa sababu hapo hakuna kosa la pili. Kaboni inapitisha umeme, na alumini vilevile. Faibaglasi kavu na safi haipitishi, lakini mpini unaofanya kazi haujawahi kuwa mkavu wala msafi, una maji, vumbi na chumvi kwa nje. Uhesabuni wote kama waya. Laini za kilovolti 11 na 33 kwa kawaida hazijavikwa mpira, na umeme wake unaweza kuruka hewani kabla hujagusa. Kanuni yetu: chukua urefu wa mpini uliofunguliwa wote, ongeza mita 3, na usisimame karibu na waya kuliko hapo. Mpini ukianguka upande wowote usiufikie. Jengo likiwa karibu zaidi, msimamizi aombe TANESCO wazime laini, au upande huo usioshwe kwa njia hii.

Kuhusu upepo, tazama barabarani. Vumbi na makaratasi yakianza kuinuka yenyewe na matawi madogo kucheza, shusha mpini wowote unaozidi mita 9. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano muwe mmefika kwenye vioo vya chini. Zungushieni utepe eneo lote ambalo mpini unaweza kuangukia, kofia ngumu kichwani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuwalinda mlio kazini.

Mpini wetu una miezi minne tu, vipande vimeanza kukwama na vingine vinateleza vyenyewe. Tuupake grisi? (Kikundi cha usafi, Kondoa)

Grisi hapana, wala mafuta ya kula. Mafuta yanashika mchanga, na mchanga ndiyo unaowamalizia mpini: unasaga vipande kila mnapovifungua na kuvifunga. Vichomoeni vyote, viosheni ndani na nje kwa maji safi na kitambaa, vikaukie kivulini. Vinavyoteleza kazeni skrubu ya kibano robo mzunguko kwa mara moja, mkijaribu kila hatua, kwa sababu mkikaza kwa nguvu mtapasua ukuta wa kipande. Gongeni kila kipande kwa sarafu kutoka juu hadi chini. Mahali palipo pazima panalia kwa sauti kali, palipopasuka panatoa sauti nzito iliyokufa. Kipande hicho kitoeni kazini siku hiyo hiyo, na mkishike kwa glovu, kwani vijiti vyake vinaingia kwenye ngozi na kukatikia humo.

Msiuache juu ya keria ya gari juani. Jua linadhoofisha gundi inayoshika nyuzi, na upepo wa safari unajaza vumbi kila tundu. Tafuteni bomba la plastiki la inchi 4, muwekee kifuniko kila upande, mpini ulale humo.