Maswali Yenu: Wikendi ya Kasino na Farasi Nairobi

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru. Tumepanga kushuka Nairobi na gari letu: Jumamosi usiku tuingie kasino, Jumapili tutazame mbio za farasi pale Ngong Road. Tuna shilingi 25,000 za kila kitu. Yeye hubeti mpira kwa simu, na nachelea mkeka wake wa kubeti ukichanika, yaani akipoteza, atagusa pesa za kurudi nyumbani. Tuzigawe vipi?
Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Dada, anzeni na gari. Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini wekeni 380. Gari la cc 1500 linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 32 hivi, na ukikadiria lita kwa shilingi 180 unapata 5,760. Mafuta ya kurudi yatiwe Jumamosi mkifika, kabla ya kasino. Chumba kilipiwe mapema, tuseme 6,000, na chakula 5,000. Kati ya 8,240 zinazobaki, 2,240 ni za pancha, maegesho na kiingilio, na hizo haziguswi. Za kuchezea ni 6,000: 2,000 kasino, 4,000 farasi.

Mume wako ataona kasino imepunjwa. Mpigie hesabu hii. Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja lina namba 37, lakini ukipatia namba yako unalipwa 35 kwa moja. Pengo hilo huipa nyumba, yaani kasino, asilimia 2.7 ya kila shilingi inayowekwa. Mkiweka 100 kila gurudumu linapozungushwa, na lizungushwe mara 40 kwa saa, mmeweka 4,000. Kwa wastani mnaacha 108. Ukikuta sifuri mbili, pengo linapanda hadi asilimia 5.26, nanyi mnaacha 210 kwa saa. Huo ni wastani tu: bahati ikiwa mbaya, 2,000 huisha katika dakika 30, ndiyo maana ziwe 2,000 na si zaidi.

Sasa mashine za kubonyeza, zile zenye taa. Dau la shilingi 20 linaonekana la watoto, kumbe ndilo ghali kuliko yote. Anayebonyeza kila sekunde sita anabonyeza mara 600 kwa saa, yaani ameweka 12,000. Hata mashine ikirudisha 92 katika kila 100, 960 zimekwenda. Farasi wao hukimbia, halafu mnasubiri karibu nusu saa mbio nyingine. Mbio saba kwa dau la 200 kila mmoja wenu ni 2,800 mchana mzima, na mmekula nyama, mmebishana, mmeota jua. Kinachomaliza pesa ni kasi, na kasi ya farasi inaamuliwa na ratiba, haiko kidoleni mwa mtu.

Kwenye meza ya karata za 21, ulizeni kwanza mkono wa 21 wa karata mbili unalipaje. Dau la 100 lilipe faida ya 150. Meza inayolipa 120 iacheni.

Kuhusu simu: kama M-Pesa yake ina Fuliza, ajiondoe kabla ya safari. Salio likiisha, Fuliza hukamilisha malipo kwa mkopo. Ingieni na noti mkononi, na kadi za benki zibaki chumbani. Bebeni vitambulisho, aliye chini ya miaka 18 hachezi. Na akianza kusema "nirudishe tu niliyopoteza," usibishane naye mezani. Simama, mwende mkale.

SWALI: Nimezoea mikeka ya mpira. Mbio za farasi dau lake husomwaje, na kadi ya mbio ina nini cha maana?
K., Kayole

JIBU: Kwanza hakikisha kuna mbio. Uwanja wa Ngong Road, unaotumika tangu 1954, hukimbiza farasi Jumapili lakini si kila Jumapili. Kalenda iko kwa Jockey Club of Kenya.

Kuna aina mbili za kubeti. Kwenye toti, pesa za wabetiji wote huingia chungu kimoja, mwendeshaji hukata fungu lake, na zinazobaki hugawanywa kwa waliopatia. Tuseme chungu kina 50,000 na makato ni robo: 37,500 zinabaki. Kama 6,250 ziliwekwa kwa farasi aliyeshinda, kila shilingi inalipwa sita. Ndiyo sababu bei uliyoona kwenye ubao ukikata tiketi inaweza kushuka kabla ya farasi kuachiliwa. Kwa bukimeka, yaani mpokea dau anayepanga bei mwenyewe, bei iliyoandikwa kwenye tiketi yako haibadiliki: 5/1 kwa dau la 100 ni faida ya 500 pamoja na 100 yako.

Mtego wa wageni ni dau la mchanganyiko, la kutaja watatu wa kwanza kwa mpangilio wowote. Ukichagua farasi watatu kuna mipangilio 6. Ukiongeza mmoja tu inakuwa 24. Kwa shilingi 50 kila mpangilio, umetoka 300 hadi 1,200. Vilevile dau la "ashinde au aingie nafasi za mbele" ni dau mbili: ukisema 100, unalipa 200.

Kwenye kadi ya mbio, yaani orodha ya farasi watakaokimbia, tarakimu kando ya jina la farasi ni nafasi alizomaliza, na mbio ya karibuni iko mwisho kulia. 0 ni wa kumi au nyuma zaidi. Angalia kama nafasi nzuri zilipatikana kwa umbali wa leo, maana bingwa wa mita 1,200 anaweza kuzimika katika 2,400. Kisha nenda ukamtazame akizungushwa kabla ya mbio. Anayetembea kwa utulivu na manyoya yakimeta, sawa. Mwenye povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma na anayemvuta mtunzaji wake ameanza kuchoka kabla ya kazi.

Usitupe tiketi farasi wakivuka mstari. Majoki, yaani wapanda farasi, hupimwa uzito tena, na pingamizi likikubaliwa matokeo hubadilika.

SWALI: Mbio zikiisha Jumapili, kurudi Naivasha jioni hiyo ni busara?
Dereva wa Probox

JIBU: Ndiyo, mkiondoka kabla ya saa kumi na moja. Msipite mjini: shikeni Southern Bypass kutoka Ngong Road mtokee Kikuyu. Foleni ya Jumapili hurudi Nairobi, kwa hiyo upande wenu utakuwa mwepesi, na hapo ndipo hatari ilipo: wanaorudi huchoka kusubiri, wakaunda safu ya pili juu ya njia yenu. Kaeni kushoto, taa ziwashwe mapema. Giza likiingia, Kimende na Kinungi huwa na ukungu. Tumieni taa fupi, kwa kuwa ndefu humulika ukungu wenyewe. Mwenye usukani asinywe kabisa, maana Alcoblow, kile kipima pombe cha barabarani, haijui kama farasi wako alishinda.